Kichupa Kilichokaa Dirishani

Fundi saa alihesabu kuku wake mara tatu asubuhi ile, na mara zote walikuwa kumi na mmoja, wazima, wakiparua majivu nyuma ya jiko. Bado moyo haukutulia. Kuku mmoja, Kishingo, alipopiga chafya, mzee aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamkamata, akamfungua mdomo na kumchungulia koo, kisha akamgeuza kutazama kama kuna kinyesi cha kijani mkiani. Hakuona kitu. Lilikuwa vumbi tu.

"Mwache kiumbe wa Mungu apumue," mkewe alisema kutoka mlangoni, mikono imejaa unga. "Si umewachanja mwenyewe? Mtaa mzima umeuchanja wewe."

Hapo ndipo palipouma.

Mwezi uliopita alikwenda nyumba kwa nyumba na kichupa cha chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, tone moja katika jicho la kila kuku. Vidole vilivyozoea skurubu za saa havikukosea hata jicho moja. Majirani wakambandika jina la Daktari, naye akalipenda kuliko alivyokiri. Karatasi ya chanjo aliwasomea kwa sauti: iwekwe penye baridi, isipigwe jua. Walipobaki kuku wa Mama Pacha, ng'ambo ya barabara, na wake mwenyewe, aliingia ndani kunywa chai. Kichupa akakiweka dirishani. Chai ikaleta redio, redio ikaleta usingizi. Alipozinduka, jua lilikuwa limekilalia kichupa, na kioo kilikuwa cha moto. Aliona aibu kurudi kwa muuza dawa kuomba kingine. Akavuka barabara, akawatilia kuku wa Mama Pacha matone yale yale, akashukuriwa, kisha akarudi kumalizia kwa wake.

Na sasa muuza mboga amepita na habari kwamba mdondo umeingia mtaa wa chini. Banda zima limeteketea kwa siku mbili, kuku shingo zimepinda kama vitambaa vilivyokamuliwa.

"Mke wangu," akasema, "ile dawa iliungua juani. Nilijua, nikaitumia."

Mkewe alikung'uta unga mikononi. "Mama Pacha amejua?"

"Hajui."

"Wanawe wanakula kwa mayai ya kuku wale. Unangoja nini?"

Alikwenda kwa muuza dawa, akarudi na kichupa kipya ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Barabara ile ya hatua ishirini aliiona ndefu kama safari. Kila jogoo aliyewika, mzee alimsikiliza kama kweli amewika au amekoroma kwa ugonjwa.

"Daktari!" Mama Pacha alimpokea akicheka. "Leo umetuletea chai?"

Mzee alimweleza yote akiwa wima, kofia mkononi. Kicheko kilimtoka mama usoni kidogo kidogo.

"Yaani mwezi mzima nimelala fofofo," alisema, "nikijua kuku wangu wana kinga?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule?"

Alinyoosha kidole. Chini ya toroli, tetea mwekundu alikuwa amejikunyata, mabawa yameanguka, macho nusu yamefumba. Mzee alichuchumaa kumtazama. Alitaka kusema ni joto, maana jua lilikuwa kali. Akajizuia.

"Mtenge sasa hivi, mbali na wenzake," alisema. "Huyo tone halimfai tena. Tuwahi hawa wengine."

Mama Pacha alimbeba tetea ndani ya kapu, akafunika kwa gunia, akampeleka chooni na kubana mlango. Alirudi ananawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaichukua chupa ya barafu kutoka mkononi mwa mzee na kuibana katikati ya magoti yake.

"Hii inakaa kwangu," alisema. "Ukihitaji tone, omba."

Akamnyooshea kuku wa kwanza, jicho juu. Mzee aliinama. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi ya saa, vidole vyake vilikosea, na tone la kwanza likaanguka chini.

"Tia tena, Daktari," Mama Pacha alisema, bila kucheka. Nyuma yao, chooni, kapu lilikuwa kimya.