Safu ya Mwisho ya Ratiba

Swaumu hakuwa mtu wa kutulia kitini. Hata chuoni, alikokuwa mwaka wa pili akisomea uandishi wa programu za kompyuta, goti lake la kulia lilicheza chini ya meza mpaka kalamu za wenzake zikadondoka. Akiiambia programu ianze kazi, hangoji jibu akiwa amekaa. Atainuka, atazunguka chumba, atachungulia dirishani, kisha atarudi kukuta kioo cha kompyuta kimejaa maandishi mekundu kwamba mstari wa mia na kumi na mbili una kosa. Atausoma mstari huo mara ishirini asione kitu. Kumbe kosa liko mstari wa juu yake, kimkato kimoja kimesahaulika.

Nyumbani kwao, mtaa wa Ng'ambo, hakuna aliyejua hasa anasoma nini. Mama yake, Bi Tunu, aliyeshinda barazani na cherehani akipinda khanga za wateja, aliwaambia majirani kwamba binti anasoma kompyuta, na majirani wakaifurahia habari hiyo kupita kiasi. Walileta rimoti za televisheni, pasi, redio zilizomeza kaseti tangu zama hizo. Siku moja likaja jokofu zima juu ya mkokoteni.

"Mama, mimi si fundi wa majokofu. Mimi naandika programu."

"Kwani hilo halina waya?" Bi Tunu aliuliza, wala hakuinua macho kwenye sindano.

Alichokitaka Swaumu ni kuondoka. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imemwahidi nafasi ya mafunzo ya miezi minne, kwa sharti moja: kazi yake ya mradi ifike chuoni kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, ikiwa na barua ya mtu aliyeitumia programu na kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Begi alishalitoa uvunguni. Lilikuwa limekaa mlangoni wiki ya pili sasa, na kila aliyeingia chumbani alijikwaa kwalo.

Mradi wake ulikuwa programu ya kupanga ratiba ya masomo. Alikuwa ameipeleka kwenye sekondari moja ya kutwa pale Cheyo, ambako mkuu wa shule, Mwalimu Amon, alimpokea kwa shangwe. Mwalimu Amon alikuwa ametoka kwenye semina walikoambiwa kwamba kila kitu sasa kiwe cha kidijitali, na hakuwa na cha kuonyesha. Ambaye hakushangilia ni Mwalimu Sixbert, mwalimu wa taaluma, aliyefundisha pia Kiswahili. Kwa miaka kumi na tisa Sixbert ndiye aliyepanga ratiba ya shule ile kwa mkono, juu ya karatasi ya manila, kwa penseli za rangi na kifutio ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

"Mimi inanichukua hata wiki nzima," alimwambia Swaumu siku ya kwanza. "Yako inachukua muda gani?"

"Sekunde tatu, mwalimu."

Sixbert akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

Sekunde tatu hizo zilizaa balaa. Jumatatu asubuhi Mwalimu Amon, kwa haraka zake, aliibandika ratiba ukutani kabla Swaumu hajaikagua. Kidato cha Pili B wakajikuta na Kiswahili vipindi sita mfululizo. Vidato viwili vikakutana mlangoni mwa maabara, kila kimoja kikidai ni zamu yake. Mwalimu Raymundi wa Historia alipangiwa vyumba vitatu kwa saa moja, na kwa kuwa karatasi ilitoka kwenye kompyuta, hakuthubutu kuibishia. Alikimbia na chaki kutoka chumba hadi chumba, akiandika sentensi moja ubaoni na kutoka, jasho likimtiririka. Wanafunzi walipiga makofi kila aliporudi. Mwalimu Sixbert alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na kikombe chake cha chai, uso umemchanua.

Swaumu aliipata habari kwa simu. Alitembea kutoka Ng'ambo mpaka Cheyo kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa, kwa barabara ile ile ambayo zamani wapagazi walipita na pembe za ndovu mabegani, na alipofika vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Akaenda moja kwa moja kwa Sixbert.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mtaalamu."

"Nimekuja unifundishe."

Sixbert hakuwa amejiandaa kwa neno hilo. Alisogeza kiti, na mchana ule wote akamtajia mambo ambayo hayakuandikwa popote. Hisabati isiwekwe baada ya chakula. Raymundi asipewe kipindi cha kwanza, kwa sababu anatoka Ntalikwa kwa baiskeli na masika njia inageuka tope. Mwalimu wa Jiografia na yule wa Fizikia wasipokezane darasa, maana hawajasalimiana tangu wagombee kiti chenye mto. Maabara ipumzike Alhamisi, siku hiyo maji hayatoki. Swaumu aliandika yote, goti likicheza. Sheria ishirini na saba. Akaanza hata kumpenda mzee yule kidogo.

Jumanne nzima alizitia sheria hizo kwenye programu. Ili ajihakikishie kwamba hakuna kipindi kilichopotea, aliongeza safu moja pembeni mwa karatasi: jina la kila mwalimu na idadi ya vipindi vyake kwa wiki. Ilikuwa ya macho yake tu. Lakini Jumatano asubuhi, mkono ukiwa umeshatangulia akili kama kawaida yake, aliichapa ratiba ilivyo, akaipeleka shuleni, akaibandika mwenyewe.

Ilifanya kazi. Vipindi viwili vya kwanza vilipita bila mtu kugongana na mtu. Mwalimu Amon alimshika mkono akautikisa, akasema barua ataipata Ijumaa asubuhi, iko kama imeshaandikwa.

Saa nne walimu walitoka kwa mapumziko ya chai wakaisogelea karatasi. Kwanza walicheka. Kisha mmoja akasema, "Hizi namba za pembeni ni za nini?"

Vichwa vyote vikainama pembeni mwa karatasi.

Shule ile ilikuwa na walimu watatu wa Kiswahili. Safu ya mwisho ilisema: Sixbert, vipindi tisa. Anton, vipindi kumi na viwili. Dafrosa, vipindi thelathini na moja.

Madamu Dafrosa alikuwa mwanamke mnene, mpole, wa makamo, mwenye unga wa chaki kwenye mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Andazi lilikuwa mkononi. Alilisoma jina lake, akalisoma tena, akavaa miwani akalisoma mara ya tatu. Aliliweka andazi juu ya dirisha, kengele ikalia, akaenda darasani, kwa sababu alikuwa na kipindi.

Wengine ndio waliosema. Raymundi alipaza sauti, Anton akaanza kueleza kwamba yeye ana michezo na skauti, mwalimu wa Fizikia akamuunga mkono yule wa Jiografia bila kujua, kisha akakumbuka akanyamaza. Katikati ya kelele hizo Sixbert alipenya, akasimama mbele ya ratiba kama anayetaka kuifunika kwa mgongo.

Swaumu aliitwa ofisini kwa mkuu. Sixbert alikuwa tayari amekaa humo.

"Binti," alisema Mwalimu Amon, "kazi yako ni nzuri. Hiyo safu ya mwisho iondoe."

"Ni hesabu tu, mwalimu. Nilisahau kuifuta."

"Basi ifute, uniletee safi, nami naweka sahihi."

"Lakini ukiifuta," Swaumu alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka, "bado atakuwa na thelathini na moja."

Sixbert akageuka. "Nani alikutuma kuhesabu watu? Nimekupa sheria ishirini na saba kwa kinywa changu mwenyewe, ndiyo shukrani yako?"

Swaumu alizikumbuka sheria zile. Ni kweli, mzee alimpa. Na katika sheria zote zile hakusema ile ya ishirini na nane, kwamba kinachobaki kinakwenda kwa Dafrosa.

Alipotoka alimkuta Madamu Dafrosa bombani akinawa chaki. Alitaka kupita, lakini mwalimu alimwita.

"Wewe ndiye mwenye ile karatasi?"

"Ndiyo, madamu. Shikamoo. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini?" Dafrosa alifunga bomba. "Mwaka jana nilikwenda hospitali, mwanangu. Niliwaambia nachoka, labda damu. Wakapima damu, nzima. Wakapima sukari, hakuna. Wakaniambia nile matembele. Nimekula matembele mwaka mzima mpaka mume wangu kakasirika." Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, kisha kicheko kikakatika katikati. "Nilidhani nazeeka. Kila muhula Sixbert anasema hiki kidogo kimebaki, tusaidie. Kidogo kidogo. Wala sijawahi kujumlisha."

Swaumu alirudi nyumbani hajielewi. Alikaa, akasimama. Aliingia chumbani, akajikwaa kwenye begi, akalipiga teke. Alitoka barazani, akashika rimoti ya mtu, akaifungua, akaifunga bila kuitengeneza.

"Unanitia kizunguzungu," Bi Tunu alisema. "Una nini?"

Akamweleza. Bi Tunu alisimamisha cherehani, jambo ambalo halikutokea mara kwa mara.

"Hiyo safu, ukiitoa unakwenda Dar?"

"Ndiyo."

"Na usipoitoa?"

"Sijui."

Bi Tunu alifikiri. "Mimi nakutaka uende," alisema. "Sikufichi. Lakini usiende halafu ukawa unazungukazunguka hivi huko chumbani kwa watu." Kisha mguu ukarudi kwenye cherehani.

Alhamisi Swaumu alikaa mbele ya kompyuta. Alifuta safu ya mwisho. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Kisha akaongeza sheria yake mwenyewe, ya ishirini na nane: walimu wa somo moja wasipishane kwa zaidi ya vipindi viwili. Aliiambia programu ianze, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Kulikuwa na kosa. Akalirekebisha, akaanza tena, na safari hii ratiba ikatoka nzima.

Ijumaa saa mbili asubuhi aliweka karatasi mbili mezani kwa Mwalimu Amon.

"Hii ni ile ile ya Jumatano, nimeifuta safu. Na hii ya pili haina safu pia, ila vipindi vya Kiswahili vimegawanywa. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na nane. Zote zinafanya kazi, mwalimu. Chagua."

Mwalimu Amon alizitazama kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaivaa. "Nipishe kwanza," alisema.

Swaumu alisubiri kwenye ukumbi wa nje. Saa tatu. Saa nne, walimu wakaitwa kikaoni, mlango ukafungwa. Alitembea kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho na kurudi, mpaka wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wakaanza kumhesabia raundi kwa sauti. Kutoka ndani alisikia sauti ya Sixbert ikipanda, ya Raymundi ikipanda juu yake, kisha sauti moja ya chini, ya taratibu, iliyoendelea kwa muda bila kukatizwa. Hakuweza kusikia maneno. Alijua tu kwamba ni Dafrosa, na kwamba hakuna aliyemjibu.

Saa tano. Saa sita. Chuoni kule mlango wa ofisi ya miradi ulikuwa umefungwa.

Saa saba kasorobo Mwalimu Amon alitoka amelowa jasho na barua mkononi. Alikuwa ametia sahihi, na muhuri ukapigwa kwa nguvu hata ukachafua pembe.

"Tumechukua ya pili," alisema. "Naona nimekuchelewesha."

"Ndiyo, mwalimu."

"Pole sana." Alionekana kuimaanisha.

Sixbert alipita bila kumtazama. Kwapani alibeba karatasi zake za manila zilizokunjwa, na Swaumu, ambaye alitarajia kufurahi, aliona uzito umemwingia moyoni. Alimwita. Mzee hakugeuka.

Chuoni waliipokea kazi, wakamkata alama za kuchelewa. Nafasi ya Dar ikaenda kwa kijana wa darasa lake aliyetengeneza programu ya kikokotoo. Swaumu alilia jioni moja, akalirudisha begi uvunguni, na kesho yake akaandika maombi mengine matatu, moja la Mwanza, moja la Dodoma, moja tena la Dar.

Jumatano iliyofuata alikwenda Cheyo kurekebisha jambo dogo kwenye kompyuta ya shule. Ilikuwa kipindi cha tatu. Katika ofisi ya walimu alimkuta Madamu Dafrosa peke yake, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakuwa na darasa saa ile. Madaftari ya wanafunzi yalikuwa mbele yake, kalamu nyekundu mkononi, na alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, akikoroma taratibu.

Mwalimu Amon aliingia, akamwona, akainua kidole kuwaomba watu wote kimya ingawa aliyekuwemo ni Swaumu tu. Kisha alitoka kwa ncha za vidole, akaenda uani kumwambia mpiga kengele kwamba safari hii aigonge polepole.