Pengo la Ubao Mmoja

Anayebisha aende mwenyewe akalitazame lile daraja. Pengo bado lipo.

Wanachuo wa kujitolea walipokuja kijijini kwetu, makubaliano yalikuwa mepesi: nyaya na mbao za kwao, jasho letu sote. Wao watandike mbao kuanzia ng'ambo, upande wa barabara, sisi tuanzie huku, tukutane juu ya maji tupeane mikono. Kiongozi wao alikuwa binti mwembamba tuliyembandika jina la Injinia, ingawa bado alikuwa anasoma. Fundi wa upande wetu nilikuwa mimi, niliyejifunza useremala kwa kuharibu vitanda vya watu.

Lilipobaki pengo la ubao mmoja, wanachuo waliliruka wakaja kula kwetu. Daraja likabaki tupu.

Ndipo ubao wa kwanza wa ng'ambo ulipobonyea. Ukafuata wa pili. Upepo hakuna, mtu hakuna. Na kubonyea kwenyewe kulikuwa na namna yake: mmoja unazama sana, unaofuata unaguswa tu, kisha kitu kinaburutwa. Kikaja hivyo hivyo mpaka kwenye pengo, kikasimama. Ubao wa pale ukabaki umezama.

"Ni nyaya, zinajinyoosha kwa joto," Injinia akasema.

"Zinajinyoosha huku zinachechemea?"

Nadhani chuoni walikuwa hawajafika hapo.

Mama mkwe wangu aliweka upawa chini. Kitindamimba wake, shemeji yangu, alikuwa na mguu mbovu tangu utotoni. Mto ule ulimchukua akivuka kurudi nyumbani, na hatukupata hata kiatu cha kuzika.

"Huyo ni mwanangu," alisema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Mkwe, malizia kazi. Kuruka hawezi."

Wazee wakaguna. Jirani akauliza, "Mama, na akija na wenzake je?"

"Wenzake wana mama zao."

Hakuna aliyecheka. Injinia akaninyooshea ubao. "Tulisema daraja ni la wote," akanong'ona.

Nikaenda, nikapiga magoti, nikaufunga. Kabla sijainuka ukabonyea mbele ya pua yangu, na harufu ya tope ikanipita. Bega langu likalowa.

"Karibu, shemeji," nikasema. Ningesema nini kingine?

Nyasi za upande wetu zikalala, fungu baada ya fungu, hadi mlangoni kwa mama mkwe. Mama akaingia nyuma yake. Tulimsikia akifoka humo ndani: "Muda wote huo, hata salamu? Kaa hapo. Usiniloweshee godoro."

Jioni alinifuata nikiwa na Injinia, tunakusanya vifaa.

"Baba, ung'oe ule ubao."

"Mama, si ulitaka mwenyewe? Na watoto wa shule je?"

"Wana miguu mizima, wataruka. Huyu ameanza kuutazama mlango." Macho yake yalikuwa makavu, lakini kidevu kilicheza. "Akitoka safari hii, harudi."

Nikamgeukia Injinia, maana nusu ya daraja ilikuwa yake.

"Kesho wakubwa wa chuo wanakuja kulipokea," alisema. "Mradi usipokamilika, nimefeli."

Kutoka nyumbani kwa mama mkwe kitu kikaburutwa sakafuni. Kikatulia. Kikaburutwa tena, karibu zaidi na mlango.

Injinia akaokota mtaimbo. Ubao tuliung'oa pamoja, tukauacha uende na maji.

Kesho yake wakubwa waliuliza kulikoni. Injinia akawajibu kwamba mbao ziliisha, akakunjiwa nyuso, akaandikiwa alichoandikiwa. Kabla ya kuondoka alipita kuaga. Alinipa mkono. Akamwamkia mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga kizingitini. Kisha akasita, akainamisha kichwa, akakiaga na kigoda kitupu kilichokuwa kando yake.