Paneli ya Tatu Kutoka Mlangoni

Mpimaji hakuwa na cheti cha chuo, hakuwa na kidole cha pete mkono wa kushoto, hakuwa na kiti chenye mgongo, na kwa mwaka wa tatu sasa hakuwa na mke. Alichokuwa nacho ni friji kubwa, oveni, na mashine ya kupinda, vyote katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha paneli za vyumba vya baridi.

Paneli hizo mafundi waliziita mkate: ngozi mbili za nyuzi za kioo, na katikati povu gumu lililobandikwa kwa gundi. Kazi ya mpimaji ilikuwa kuitesa paneli ya mfano. Muda wa saa nne kwenye friji, saa nne kwenye oveni, huo mzunguko mmoja. Baada ya mizunguko sitini alikata vipande, akavipinda mpaka vivunjike, akaandika kilo vilizobeba. Ngozi na povu havitanuki sawa wala havisinyai sawa, na gundi iliyo kati yao huchoka kama mtu anayewasuluhisha majirani wale wale kila siku.

Kwenye mzunguko wa thelathini, saa tatu asubuhi, alifungua friji akamkuta mkewe amekaa juu ya paneli, koti la kazi limeganda mabegani. Alikuwa amekufa akifungasha samaki, siku dari ya chumba cha baridi ilipomwangukia.

"Mama watoto, mbona hukusema unakuja?"

"Ningesemea wapi? Nishike mkono nishuke, kisha ufunge mlango. Baridi inatoka."

Tangu hapo mkewe aliingia na paneli kwenye oveni na kurudi nayo kwenye friji. Kila mzunguko sauti yake ilipungua kidogo. Msimamizi, waliyemwita Kalamu Nne kwa zile alizochomeka mfukoni, alimwamkia vizuri. Kilichomkera ni kwamba mama alikuwa eneo la kazi bila kofia ngumu. Ikaletwa, akaivaa.

"Mngenipa hii mapema," alisema, na Kalamu Nne akacheka kwa adabu.

Mzunguko wa sitini ulipokwisha, mpimaji aliweka msumeno katikati ya paneli. Ndivyo walivyofundishwa wote: vipande vitatu vya katikati, kwa kuwa kingo zina sura mbaya na huchafua msumeno. Mkewe akaweka kidole pembeni.

"Kata na hapa. Ile iliyoniangukia iliachia hapa."

Vipande vya katikati vilibeba kilo mia nne na kitu kila kimoja. Cha ukingoni kilibeba mia moja na thelathini, kisha ngozi ikajibandua bila kelele. Ndani yake mlikuwa na maji. Yalipenya ukingoni, yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena, kila mara yakisukuma kidogo.

Mpimaji alikipeleka kipande hicho ofisini. Paneli arobaini za namna hiyo zilikuwa zinasubiri lori, na zilikuwa za dari mpya ya kampuni ile ile ya samaki alikofia mkewe. Binti yao alikuwa ameanza kazi huko.

"Mzee wangu, mbona unanitafutia presha?" alisema Kalamu Nne. "Fomu ina visanduku vitatu. Vyote vya katikati."

"Ongeza cha nne."

"Nichore kwa mkono? Tutachekwa."

"Mke wangu ni shahidi. Yuko hapo nje."

"Namheshimu sana mama. Lakini fomu inataka vipande, haitaki watu."

Namba tatu zilizokuwa kwenye fomu zilikuwa za kweli. Mpimaji alizisoma moja moja, akatia sahihi.

Lori lilipakiwa Alhamisi mchana. Mkewe alivua kofia ngumu akampa mpakiaji, akainua ngozi ya paneli moja kwa kucha, akajipenyeza kati yake na povu kama mtu anayejifunika shuka.

"Nitashika ninavyoweza," alisema, kwa sauti ambayo sasa ilibidi kuinamiwa. "Ila mimi ni mmoja, baba watoto."

Mpimaji alimuuliza dereva paneli ile itafungwa wapi. Dereva akaangalia alama yake kwenye mchoro wa dari, akamwambia.

Jumapili, baada ya chai, alichukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa zilizo wazi:

"Binti yangu, najua kazi huwezi kuiacha. Ukisikia dari inalia kama mtu anayevunja vidole, acha samaki utoke. Usipite chini ya maungio ya paneli. Mama yako yuko kwenye paneli ya tatu kutoka mlangoni, mkono wa kulia. Ukiingia msalimie. Ukifungasha, simama chini yake."

Aliisoma mara mbili, akasahihisha neno moja. Aliikunja, akaifunga kwenye bahasha, akaenda nayo posta, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua.