Kifungua Mimba wa Kina Cafferkey

Tone lilianguka jikoni kabla hakujapambazuka, likafuatwa na jingine. Dympna Cafferkey alibaki kitandani akisikiliza. Halikuwa bomba, kwa maana fundi alilifunga vizuri juma lililopita, na maji ya bomba hayaanguki kwa uzito ule. Akavaa sweta juu ya gauni la kulalia, akaenda kuwasha taa.

Kwenye kiti kilicho karibu na jiko aliketi msichana wa miaka tisa hivi, miguu haifiki sakafuni. Alikuwa amelowa mavi ya ng'ombe kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, yale mabichi, ya kijani kinachoelekea weusi, nayo yalichuruzika kutoka kwenye upindo wa shimizi yake.

"Umechelewa kuamka, mdogo wangu," alisema mtoto.

"Nimezeeka, dada," alijibu Dympna, ambaye alikuwa na miaka sabini na kitu. Akatandika magazeti chini ya kiti, akabandika birika kubwa motoni, akatafuta lile taulo la zamani.

Hali ilikuwa hivyo tangu majira ya baridi. Malachy, mdogo wao wa mwisho, alikuwa ameigeuza nusu ya shamba la baba yao kuwa nyumba ya wageni, na kiangazi angewapokea jamaa wa Marekani. Alitaka mti wa ukoo wa kutundika ukutani kwenye chumba cha kulia. "Wewe ndiye mwenye subira, dada," alimwambia Dympna, akamletea kompyuta.

Dympna alizoea mashine ile kuliko alivyotarajia. Humo mlikuwa na sensa za zamani, vitabu vya ubatizo, na majina ya wapangaji wa mashamba tangu enzi za makabaila. Alimpata babu wa babu yake, aliyetozwa faini kwa sababu punda wake alikutwa amelala barabarani. Alimpata bibi yake: watoto waliozaliwa hai tisa, walio hai bado sita. Mashine haikuficha wafu, mradi waliwahi kuvuta pumzi.

Kisha akaandika majina ya baba na mama. Mashine ikauliza walikuwa na watoto wangapi. Akaandika watatu. Ikauliza jina la wa kwanza. Akaacha wazi, nayo ikakataa kuendelea. Alfajiri iliyofuata akasikia tone jikoni.

Kifungua mimba wa mama yao alitoka bila pumzi. Kwa kuwa hakubatizwa, hakuruhusiwa makaburini. Baba yao alimtia ndani ya sanduku la majani ya chai, akasubiri jua lizame, akaenda kumzika kwenye pembe ya shamba walikozikwa wachanga wengine wa namna hiyo, akaweka jiwe jeupe juu, kama walivyowekewa wenzake. Hakuna sala iliyosomwa. Mama yao hakubishana na mtu. Ila kila Jumamosi, akitoka kuuza mayai, alimshika Dympna mkono, wakaenda kusimama pale kidogo, kisha wakarudi kupika.

Mtoto alikua huko chini kwa kadiri mama alivyomkumbuka. Mama alipofariki, akaacha kukua, ndiyo maana alibaki na miaka tisa. Dympna, aliyekuwa na minane, alianza kumlea Malachy. Alimpakia siagi kwenye mkate, akamsugua masikio, akamfundisha kushika kijiko. Jumamosi zikaishia hapo.

Malachy alipokuwa mtu mzima alihitaji shimo la zege la kukusanyia samadi ya zizi. Alilichimba kwenye pembe ile kwa sababu ardhi ya pale ilikuwa laini. Mawe meupe hakuyatupa. Aliyapanga kando ya njia ya kuingilia kwake, kuzunguka maua.

Dympna alimwosha dada yake nywele kwa maji ya uvuguvugu, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Maji yalitoka machafu kila mara. Kisha wakaketi pamoja mbele ya kompyuta, mtoto akiwa amejifunga taulo, akila mkate wa magadi.

"Nikuandike nani?"

"Mama aliniita Wa Kwanza."

Dympna akaandika Wa Kwanza. Mashine ikatafuta, ikajibu kwamba hakuna mtu kama huyo. Mtoto akasogea karibu na kioo ili ionekane vizuri kwamba yupo. Mashine ikarudia jibu lake.

Malachy aliingia akitaka mayai, buti za mpira miguuni.

"Mti umefika wapi?"

"Umefika kwa yule wa punda."

"Huyo mruke, dada. Nitafutie mfalme."

"Na huyu?" Dympna alimwonyesha kwa kidevu.

Malachy akamtazama mtoto. Hakushtuka. Alikuwa amewahi kumkuta pale mara kadhaa, na mara moja alimsogezea sukari. "Ana cheti?"

"Unajua hana. Wewe unajua alipo kuliko mtu yeyote."

"Basi. Mti ni wa wenye vyeti. Nikianza kuandika kila anayekuja kukaa jikoni, wageni wataniita mwongo."

"Uongo tayari unao," alisema mtoto. "Kilichobaki ni mfalme."

"Mwache apumzike, dada," alisema Malachy, kana kwamba mtoto hakusema neno. "Mavi ya kale hayanuki." Alikuwa ameziba pua kwa leso. Akachukua mayai yake, akalizunguka dimbwi la sakafuni kama mtu anavyomzunguka mbwa aliyelala, akatoka.

"Masikio yake machafu," alisema mtoto. "Uliwahi mno kuacha kumsugua."

Kabla ya Pasaka Dympna na dada yake walikwenda ofisini kwa padri. Mwandishi wa parokia, Concepta, mjane mwenye baridi yabisi, alitandaza mfuko wa plastiki juu ya kiti kizuri ili mtoto naye aketi kama watu, akamuuliza kama anapenda biskuti zenye chokoleti. Dympna aliuweka wema huo moyoni, maana hakuona mwingine siku ile.

Padri Ultan alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono misafi sana.

"Siku hizi Kanisa halisemi tena kwamba watoto hawa hawamwoni Mungu," alisema.

"Basi mwandike, Padri. Akiwa na mstari kwenye kitabu, hata mimi nitapata pa kushika. Nitasema pale shimoni ni makaburi, na mtu atalazimika kunisikia."

"Fikra zimebadilika, Bibi Dympna. Kitabu hakijabadilika. Siwezi kuandika ubatizo ambao haukufanyika."

"Mimi nipo hapa," alisema mtoto.

"Nakuona, mwanangu." Padri akainuka akafungua dirisha. "Lakini kuonekana si ushahidi."

Jamaa wa Marekani walifika mwezi wa sita, wamevaa makoti ya mvua ya rangi moja. Mti ulikuwa umetundikwa ndani ya fremu ya dhahabu. Juu kabisa alikuwepo mfalme. Malachy alimpata mwenyewe, jioni moja, kwenye tovuti inayouza wafalme. Wa punda hakuwepo. Chini ya jina la mama yao palikuwa na Dympna, na Malachy, na upande wa kushoto wa Dympna ua lililochorwa, kubwa kuliko majina yote mawili.

Juma lile Malachy alikuwa akikoroga shimo ili samadi imwagwe mashambani. Uvundo uliingia hadi kwenye siagi. Binamu Darlene wa Boston alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Hii ndiyo harufu ya kwetu," alisema, akalengwalengwa na machozi.

Mtoto alikuwa amesimama karibu na keki, akichuruzika juu ya zulia jipya. Darlene akarudi nyuma hatua moja kuokoa viatu vyake. "Na kamrembo haka ka nani?"

"Ka jirani," alisema Malachy, akaendelea kukata keki.

Dympna akautazama mkono uliokata. Mavi hayakumtia kinyaa. Alikuwa ameyaosha majira yote ya kuchipua kwa vidole vyake mwenyewe. Lakini mkono ule aliulea yeye, na sasa aliona hawezi kupokea hata kipande cha keki kutoka kwake.

"Ni dada yetu," alisema kwa sauti. "Kifungua mimba. Amezikwa chini ya shimo mnalolivuta puani, pamoja na watoto wa majirani."

Darlene akasema ni habari ya kugusa sana, akauliza kama jina lake limo mtini.

"Nafasi ilikwisha," alisema Malachy. "Nani anataka chai?"

Wengi walitaka. Mmoja alimpiga mtoto picha, naye akatokea vizuri, ua la mtini likiwa juu ya kichwa chake.

Dympna alitoka na dada yake. Njiani aling'oa jiwe moja jeupe kwenye maua, akalibeba ndani ya sweta hadi kwenye pembe ya shamba, akaliweka juu ya zege la shimo. Asubuhi yake Malachy alilirudisha, kwa kuwa maua yalionekana kama mdomo wenye pengo.

Alfajiri iliyofuata tone likaanguka. Dympna akashuka kitandani, akatandika magazeti.

"Jiwe limerudi kwenye maua," alisema mtoto.

"Nimeliona."

Dympna akanyoosha mkono kuchukua birika. Mtoto akamshika kiganja, akakiacha kijani.

"Leo usinioshe. Nikifika kule ni yale yale." Akateremka kitini, akaenda hadi mlangoni, mvua ikiwa imeanza nje. "Kuja kwako nimekuja vya kutosha, mdogo wangu. Zamani ulikuwa unakuja na Mama siku za Jumamosi. Uje tena."