Mama Mkwe Nyuma ya Goli

Kwa miaka miwili Apolonia alikuwa akimtazama mkwewe mgongoni, na Iringa nzima hapakuwa na mtu aliyeujua mgongo ule kumzidi. Kwa desturi ya Wahehe, mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na Liberatus, mume wa binti yake Verediana, ndiye aliyekuwa senta fowadi wa Mlandege Rangers. Apolonia naye alikuwa anaupenda mpira kuliko chakula. Basi akajitafutia njia. Rangers wakishambulia goli la upande wa mikaratusi, yeye alikaa na ungo wake wa karanga nyuma ya goli la upande wa barabara. Timu zikibadilishana pande, naye alijitwika ungo akahama. Mkwe akawa anampa kisogo mchezo mzima, na mara chache aliporudi nyuma kuwasaidia mabeki, kazi asiyoipenda sana, Apolonia alijifunika khanga mpaka aondoke.

Karanga zilikuwa kisingizio tu. Wateja walijipimia wenyewe, na wengine hawakulipa, kwa sababu muuzaji alikuwa akimtazama winga wa kulia na kuuma meno. Alijua nani anapokea mpira vizuri na nani anaukimbia. Alijua kwamba kipa wao hulala upande mmoja kila mara. Hakumwambia mtu, maana mwanamke wa makamo yake, tena wa Jumuiya ya Mama Maria, kusema habari za kona na ofsaidi kungeleta maswali.

Ndiyo maana siku ya nusu fainali na timu ya Njombe, yeye peke yake aliona kilichotokea. Rangers walikuwa wanaongoza moja bila, dakika zimebaki chache, wakapata penalti. Liberatus akauweka mpira. Akamtazama kipa. Akapangusa mikono kwenye kaptura, akamtazama kipa tena. Kisha akageuka, akampa kipa mgongo, akaweka kiganja juu ya macho kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe, akaanza kutafuta. Alitafuta uwanja mzima, hatua mia na zaidi, mpaka macho yake yakamfikia Apolonia aliyekaa nyuma ya goli la mbali. Hapo akavuta fulana akajifunika uso, akatimka mbio kupita katikati ya mashabiki, na hakusimama mpaka sokoni. Beki mmoja akaipiga ile penalti ikaenda mikaratusini. Rangers wakashinda hivyohivyo.

Mji ukasema kijana amemwona mama mkwe. Apolonia akajua kijana ameona penalti. Mwezi uliotangulia alikuwa amekosa moja, na mashabiki walikwenda kumwimbia nyimbo za kejeli mlangoni kwake siku tatu mfululizo, Verediana akashindwa hata kutoka kwenda kuchota maji. Kwa hiyo Apolonia hakumkasirikia. Alimwonea huruma, na kidogo aliona aibu kwa ajili yake, kwa sababu kipa yule wa Njombe alikuwa anafungika.

Barua ikaja kwa basi kutoka Mbeya, ambako kamati ya Ligi ya Nyanda za Juu ilikuwa na makao yake. Liberatus amefungiwa miezi sita kwa kutoka uwanjani bila ruhusa ya refa, kanuni ya kumi na nne. Fainali ilikuwa baada ya wiki tatu, hapohapo Iringa, na wapinzani walikuwa Loleza Wanderers ya Mbeya. Watu wakajumlisha Mbeya na Mbeya wakapata jibu lao.

Bunge la mashabiki lilikuwa kwenye kibaraza cha Timotheo, fundi cherehani. Apolonia alikuwa amekaa palepale pembeni, akingoja gauni lake lipunguzwe mikono.

"Mtu amemheshimu mkwe wake, halafu mnamfungia?" alisema Timotheo, akisimamisha cherehani. "Desturi ndiyo sisi wenyewe. Ikiondoka hiyo tunabaki na nini?"

Huyu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na Pasaka iliyopita alisimama mbele ya watu akasema mambo ya kukimbiana na wakwe ni ya wakati wa giza, yafukiwe. Hakuna aliyemkumbusha.

"Mimi nakwenda barazani kwa hakimu," alisema Bartholomeo. Bartholomeo aliandika barua za watu kwa taipureta nje ya boma, na kwa sababu ya ile taipureta walimhesabu kuwa nusu wakili. "Kanuni ya mpira haiwezi kuwa juu ya mila ya wenyeji. Hilo shauri nalifungua mimi."

Akatoa leso akajifuta macho kwa uchungu wa mila. Mama mkwe wake mwenyewe aliishi naye nyumba moja, na jioni waligombania paja la kuku.

Mtu mmoja aliyekuja kutoka Idodi kuuza asali akauliza, "Na kama angekuwa golikipa, mama mkwe akatokea, goli angemwachia nani?" Swali hilo liliwachukua siku mbili. Wengine walisema beki wa kati anaruhusiwa kudaka. Wengine walisema golikipa asiajiriwe mpaka ukoo wa mkewe uchunguzwe. Dereva wa basi naye alileta habari kwamba Mbeya watu wanawacheka Wahehe kwa ushamba, na kibaraza kizima kikakasirika, kwa kuwa hukohuko Mbeya, upande wa Rungwe, mkamwana akisikia baba mkwe anakohoa anajitupa migombani. Yote hayo yalisemwa, tena kwa sauti, na hakuna aliyegeuka kumwuliza Apolonia siku ile alikuwa amekaa wapi.

Siku ya Jumanne Bartholomeo akaja nyumbani kwa Apolonia, Verediana akiwepo.

"Kamwene, Mama Verediana."

"Kamwene."

"Shauri ni Alhamisi. Shahidi wetu ni wewe. Utasema ulikuwa unapita tu, kichwani una kuni. Umetokea karibu na goli la mikaratusi, hatua tano hivi, mkwe akainua macho mkaonana."

"Mimi nilikaa upande wa barabara," alisema Apolonia.

"Huko ni mbali mno, mama. Hakimu atauliza alikuonaje."

"Alinitafuta."

Bartholomeo mpira hakuujua, lakini maneno aliyajua. "Hilo usimwambie mtu," alisema taratibu. "Na usiseme unakwenda uwanjani kila wiki. Wakijua umekuwa hapo miaka miwili naye hajakimbia hata mara moja, shauri limekufa."

"Kwa hiyo nikishasema nilikuwa napita, fainali nitakaa wapi?"

"Wewe?" Bartholomeo aliduwaa, kama mtu aliyeulizwa ng'ombe wa jirani atakaa wapi. "Tutaona, mama. Kwanza tushinde."

Alipoondoka, Verediana hakuinua macho. "Mama, wakijua aliogopa, safari hii hawataimba siku tatu. Hatutakaa tena mji huu."

Apolonia akasema sawa. Aliogopa, na alijua anachokiogopa: kwamba Jumamosi zake zilikuwa zinatolewa kafara, na yeye ndiye anayezitoa.

Alhamisi baraza lilijaa mpaka madirishani. Ikawa shida tangu mwanzo, kwa sababu mdai na shahidi wake hawawezi kukaa chumba kimoja. Liberatus akatoa maelezo yake, kisha akatolewa nje akasimamishwa nyuma ya ukuta ndipo Apolonia akaingizwa. Hakimu akitaka kumwuliza kijana jambo, alipaza sauti dirishani, na jibu likarudi kupitia kwa askari. Mashabiki walifurahishwa sana na utaratibu huo. Waliona mila imeheshimiwa.

Apolonia aliapa kwa Biblia, akijua kwamba Jumamosi atakuwa na la kuungama kwa padre. Akasema habari ya kuni. Akasema hatua tano. Kisha akasimama Isakwisa, katibu wa Ligi, Mnyakyusa mrefu aliyevaa suruali yenye mkunjo wa pasi, aliyekuja na kitabu cha kanuni.

"Mama, wewe huwa unatazama mpira?"

"Mpira siujui," alisema Apolonia. "Nilikuwa napita."

"Timu moja ina wachezaji wangapi?"

"Wengi."

Watu wakacheka. Timotheo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndiyo kusema hujui hata kijana alikuwa anafanya nini pale. Mheshimiwa hakimu, alikuwa anapiga penalti, yaani mpira unawekwa hatua kumi kutoka golini."

Ni hatua kumi na mbili. Apolonia aliuma ulimi. Hakimu akaandika kumi, Bartholomeo akatikisa kichwa kukubali, na ndani ya chumba kile kilichojaa mashabiki hakuna hata mmoja aliyeguna. Alitamani kusema kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Akatazama chini.

Hakimu alikuwa mzee wa makamo, na tangu asubuhi alionekana mtu anayependa Rangers washinde. Akasema kumwadhibu mtu kwa kumstahi mkwe wake ni kinyume cha mila, na mila inatambuliwa na serikali.

"Sisi tunakubali," alisema Isakwisa, aliyekuwa anatazama saa kwa sababu ya basi. "Kwetu anayejificha ni mkamwana, si mama mkwe, lakini kila kabila na yake. Ligi inaomba dhamana moja tu. Huyu mama akipita tena na kuni zake siku ya fainali, itakuwaje?"

"Hatapita," alidakia Bartholomeo, kabla Apolonia hajafumbua mdomo. "Mheshimiwa, mwandikie amri. Mama mwenyewe amesema mpira haujui. Atapoteza nini?"

Hakimu akaona ni neno la busara. Ikaandikwa kwamba Liberatus amefunguliwa kuanzia siku hiyo, na kwamba Apolonia asikanyage uwanja wa mpira siku yoyote ya mechi muda wote mkwewe atakapokuwa mchezaji. Faini ikiwa ataonekana ni mbuzi mmoja. Mashabiki wakapiga kelele za furaha, wakatoka mbio kumbeba Liberatus nyuma ya ukuta. Apolonia akabaki kizimbani mpaka askari alipomwambia anaweza kwenda. Miezi sita ya kijana ilikuwa imefutwa, naye amefungiwa maisha, na hapakuwa na mtu wa kumwandikia rufaa.

Siku ya fainali alikaa uani akimenya karanga ambazo hakuwa na pa kuziuzia. Mtaa wake wa Mlandege hauko mbali na uwanja, na upepo ulileta kelele zote. Kelele za kona alizijua, hupanda polepole na kukatika. Za faulo zilikuwa za matusi. Kipindi cha pili zikaja kelele ndefu za ubishi, za watu wengi kwa pamoja, ambazo hakuwahi kuzisikia uwanjani, na katikati yake filimbi, kisha kimya kama cha mshangao, halafu mlio mkubwa. Hilo ni goli letu, alisema peke yake. Alijaribu kuuona ule mgongo unavyoinama kabla ya kupiga, bega la kushoto likishuka kwanza, lakini hakuweza kujua mpira ulitoka wapi.

Jua likielekea kuzama, wakaja Bartholomeo na Timotheo, sauti zimewakauka.

"Tumeshinda, Mama Verediana. Moja bila. Mkweo ndiye aliyefunga."

"Alifungaje?"

"Alifunga vizuri sana."

"Mpira ulitoka kulia au kushoto?"

Bartholomeo akamtazama Timotheo. Timotheo akatazama kofia yake.

"Alipiga kwa mguu gani?" aliuliza Apolonia.

"Kusema kweli, mama, lile goli lenyewe hatukuliona," alisema Bartholomeo. "Tulikuwa tumewageukia watu wa Mbeya. Yule Isakwisa alisema kesi tuliishinda kwa uongo. Nikamwambia, wewe, mila ya mtu huwezi kuiita uongo. Akasema mbona kwenye hukumu..."

Akamweleza yote, neno kwa neno, nani alisema nini na nani alijibiwa nini. Timotheo alisahihisha pale alipokosea. Walieleza mpaka karanga zikaisha kumenywa.

"Na watu wengine?" aliuliza Apolonia walipotulia.

"Wengine walikuwa wanatusikiliza sisi."

Aliumia kuliko siku ya hukumu. Usiku ule Verediana alimwuliza mumewe, akaleta jibu kwamba mpira uliingia tu, naye alikuwa amefumba macho. Kesho yake baada ya misa Apolonia alisimama mlangoni mwa kanisa akawauliza watu tisa, mmoja mmoja, goli lilikuwaje. Kila mmoja alimsimulia kesi.