Mbawakawa wa Mlango wa Nesi

Seremala yule hakuwa mtu wa kujificha. Ukipita naye mtaani, angekuonyesha milango yake kama mtu anayekutambulisha kwa wanawe: huu niliuweka mwaka wa mvua nyingi, haujavimba, ule wapangaji wameubamiza kwa hasira mpaka wamechoka, bawaba hazijalegea. Na binti yake pia mzee alimsifu, ila kwa uangalifu zaidi. "Yuko kwenye mambo ya misitu," angesema, kisha hapo hapo akabadili mazungumzo. Kazi ya binti ilikuwa kuchunguza wadudu wanaokula miti, na mzee hakuona namna ya kulitamka hilo mbele za watu wasicheke.

Asubuhi moja, binti akiwa nyumbani kwa likizo, jirani yao nesi mstaafu alibisha hodi na chupa ya jemu mkononi. Ndani yake mlikuwa na dudu jeusi lenye madoa meupe, refu kuliko kidole gumba, na pembe zake mbili zilizopinda kwa nyuma zilikuwa ndefu kuliko mwili wenyewe.

"Nimelikuta kizingitini, fundi," alisema nesi. "Chini ya mlango ulionitengenezea wewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kimo mlangoni."

Alisema kwa utani, lakini majirani waliokuwa wakipita walisimama, na utani ukishapata watazamaji huwa umbea. Fundi alihisi damu ikimpanda. Mlango ule ndio aliowapeleka wateja wapya kuutazama. Kama mbao zake zilikuwa na mdudu, basi jina alilolijenga kwa randa na patasi tangu ujana lingemalizika siku hiyo hiyo, tena kwa mdudu.

"Huyo ametoka kwenye mti wako mkavu pale uani," alisema. "Na bahati nzuri mtaalamu tunaye. Binti yangu ni mtaalamu wa wadudu."

Binti alitoka akifuta mikono. Alimshika yule dudu ubavuni kwa vidole viwili, naye akalia kwii kwii kama kiatu kipya. Wote wakarudi nyuma, yeye akabaki palepale.

"Ni mbawakawa," alisema. "Na hizi si pembe. Ndizo pua yake."

Watu wakacheka. Fundi alicheka kuliko wote, kidevu juu.

Wakaenda kwa nesi. Binti alianza na ule mti mkavu. Ulikuwa na matundu, lakini yalikuwa ya zamani, yamezibwa na utando wa buibui. Kisha akaja mlangoni. Alipitisha kidole kwenye fremu kuanzia chini, taratibu, na karibu na bawaba ya juu kikasimama. Palikuwa na tundu la umbo la haragwe, kingo zake mpya kabisa, na sakafuni chini yake unga mweupe wa mbao. Akamsogeza mbawakawa pale. Akaenea barabara.

"Ametoka hapa, baba," alisema. "Mama yake alitaga mayai kwenye gogo likiwa bado na gome. Buu akawa anakula ndani kwa ndani, mbao zikakaushwa, zikapigwa randa, zikapakwa rangi, yeye yumo tu. Kwa nje hakuna ambaye angemwona."

"Usinitetee," alisema fundi.

Ilimuuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita, tena mbele za watu, na mtoto hakuweza hata kusubiri wafike nyumbani.

Nesi alikuwa ameuguza wengi, uso wa mtu aliyeumia aliujua. Akashusha sauti. "Tuyaache, fundi. Huyu bado kijana, huenda amekosea. Mdudu anaweza kutoka popote."

Njia ilikuwa imefunguliwa. Angeitikia kwa kichwa tu, na yangeisha. Fundi akamtazama binti yake. Hakuwa akibishana wala kuomba radhi. Alisimama kando ya tundu ametulia, kama baba yake anavyosimama mbele ya kazi aliyokwisha kuipima mara mbili. Hasira ikamtoka mzee, na kilichoingia mahali pake kilimjaza kifua.

"Amekosea?" alisema. "Nesi, mimi naweza kukosea. Huyu akishatazama, ametazama." Akawageukia majirani ili wasikie vizuri. "Mbao ni zangu na mdudu ni wa mbao hizo. Kesho nang'oa fremu nzima, na mbao mpya atanichagulia yeye."

Binti alimgeukia. Baba yake alikuwa hamwachii mtu yeyote amchagulie mbao.

"Na hiyo chupa na mdudu wake, nesi, niachie," aliongeza fundi. "Naiweka kwenye dirisha la karakana, mteja akiingia aanze nayo. Akiniuliza mdudu ametoka wapi, nitamwambia ametoka kwenye mlango wangu, na aliyegundua ni mwanangu."