Gundi Isiyonuka

Kaloki hakuwahi kuonja pombe maishani, na kuitwa mlevi kulimuuma kuliko ganzi iliyomshika miguu na mikono. Kanisani kwao Kibera walimkalisha mbele wakamwombea pepo wa ulevi amtoke. Kliniki walimuuliza anakunywa nini, akasema chai, mhudumu akacheka kwa pua. Na Kagiri, mwenye ploti na mwenye karakana ya viatu kule Kawangware alikofanya kazi, alimwambia mbele ya mafundi wote, "Mzee, vidole vikilegea hivyo tunajua ni nini. Punguza kidogo."

Aoko, fundi wa kushona ngozi, akaongezea, "Bora ungetuachia tone na sisi, mzee."

Watu wakacheka. Kaloki akainamia kiatu chake. Mtu akishaitwa mlevi, kila neno lake hunuka.

Ganzi ilianzia nyayoni. Akivuka mtaa wa Olympic asubuhi kwa miguu, alikuwa hajui kama kandambili imo mguuni au imebaki kwenye tope, mpaka ainame aangalie. Kisha ikapanda mikononi. Misumari ikawa inamdondoka. Na fundi wa viatu asiye na vidole, huyo ana nini tena?

Jumapili moja Kathini, binti wa kaka yake, alikuja kumsalimia. Kathini alifanya kazi maabara ya chuo kikuu. Alimtazama anko wake akishika kikombe cha bati kilichotoka motoni, bila kukunja uso.

"Anko, hiyo haikuchomi?"

"Sisikii kitu. Wanasema ni pombe."

"Wewe? Kazini mnatumia nini siku hizi?"

Hapo Kaloki akajisifu, maskini. Gundi ya zamani ilinuka mpaka kichwa kikagonga, kwa hiyo walifanya kazi mlango wazi. Mlango ukiwa wazi, vumbi la barabara linatua kwenye gundi, soli inabanduka, mzazi anarudisha kiatu cha mwanawe. Wakamwomba Kagiri awatafutie nyingine. Akaleta isiyonuka, mkebe umeandikwa "salama kwa fundi". Walimpigia makofi. Tangu siku hiyo walifunga mlango, kazi ikawa safi kama ya kiwandani.

Kathini akamtoa kikombe mkononi. "Niletee hiyo gundi kwenye chupa ya kioo. Funga kifuniko vizuri."

Kathini aliporudi na majibu, alitandaza karatasi mezani. Kaloki aliona mistari imesimama, mirefu na mifupi, kama ua wa miti uliong'olewa nusu.

"Hii inaitwa spektra," Kathini alisema. "Gundi ikikauka kuna kitu kinaruka hewani. Mashine inakivunja, kisha inapima uzito wa kila kipande. Mstari mmoja, uzito mmoja. Huu mdogo wa mwisho, themanini na sita, ni kitu chenyewe kikiwa kizima. Sasa soma vipande: hamsini na saba, arobaini na tatu, ishirini na tisa."

Kaloki akahesabu midomo ikicheza. "Inashuka kumi na nne, kumi na nne."

"Kumi na nne ni kaboni moja na haidrojeni zake mbili. Ni mnyororo unakatwa pete kwa pete. Ile gundi yenu ya kunuka huwa na mstari mrefu kwenye tisini na moja. Hapa hakuna. Nikailinganisha na chupa tuliyo nayo maabara, mistari ikalingana yote. Inaitwa heksani, Anko. Kaboni sita zimepanga foleni, basi. Ndiyo inayoua mishipa ya fahamu, kuanzia miguuni. Na nyinyi mmejifungia nayo chumbani."

"Vidole vitarudi?"

"Ukikaa mbali nayo, polepole. Siwezi kukuahidi vyote."

Kaloki aliikunja karatasi. Alifikiria yale maombi, mikono ya watu kichwani pake, naye ameinama kama mwenye hatia.

Asubuhi alimwekea Kagiri karatasi mbele ya mafundi wote, akaeleza kama alivyoelezwa. Kagiri aliigeuza juu chini.

"Haina hata mhuri. Meno ya msumeno haya. Na si ni nyinyi mliomba isiyonuka?"

"Tuliomba isiyonuka. Hatukuomba tudanganywe. Nani alisema ni salama?"

"Mkebe umesema."

"Basi leo kaa na sisi. Mlango ufungwe, upake soli mpaka saa ya chakula. Kama ni pombe yangu, wewe haitakupata."

Kagiri akatazama saa. Akasema ana mtu anamngoja Riruta.

"Huyo mtu angoje," Kaloki alisema. "Mimi kanisa zima lilingoja pepo anitoke."

Hapo Aoko akaweka ngozi chini. Alivua kiatu, akachukua sindano yake ya kushonea, akajidunga kidole cha mguu mbele yao. Damu ikatoka. Uso wake haukubadilika.

"Tangu mvua za mwaka jana," alisema. "Nilinyamaza. Niliona vile tulikucheka, mzee, nikaogopa zamu yangu."

Hakuna aliyecheka. Kagiri aliirudisha karatasi mezani. Kisha akasema wasiotaka kazi njia wanaijua.

"Njia tunaijua, inapitia hapa, na haitafungwa tena," Kaloki akasema, akachukua bisibisi akaenda kwenye mlango. Aliielekeza kwenye skrubu ya bawaba. Ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena, ikabingirika hadi kwenye viatu vya Kagiri. Kagiri hakuiinua.

Aoko aliiinua, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki sakafuni. "Wewe shikilia ubao, mzee. Usiuachilie."

Kaloki akaukumbatia mlango kwa mikono yote miwili, maana vidole hakuviamini. Skrubu zikatoka moja moja. Walipouegemeza ukutani kwa nje, vumbi la Kawangware likaingia, likatua kwenye kila soli iliyopakwa, na hakuna fundi aliyelipangusa.